Sura ya Tisa: Kisiwa Chako, Kisiwa Changu

Rukiyah aliisoma tiketi yake mara moja, akaridhika. Kisha akaisoma ya Jared mara nne, na mara zote nne akatamani aliyeiandika awe amekosea.

Yake ilisema Entebbe hadi Bahrain. Ya Jared ilisema Nairobi hadi Male.

"Male ndiyo wapi?" aliuliza. Alikuwa bado anatabasamu, maana uso wa mtu huchelewa kupata habari.

 Jared aligeukia dirishani, akautazama mwamba wa Tororo uliosimama juu ya mji, utadhani jibu limeandikwa huko juu. Aliyejibu ni Ronald, wakala wa kazi za nje, kijana mnene mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo.

"Male iko Maldives, madam. Visiwa vizuri sana. Huyu bwana ataoka mikate ya wazungu mpaka asahau chapati."

"Na mimi?"

"Wewe uko Bahrain. Pia ni kisiwa. Kampuni ni moja, hoteli ziko mbili. Waganda wanakwenda Bahrain, Wakenya wanakwenda Maldives. Ndiyo mpango ya kampuni, haiko mpango yangu."

"Lakini Jared ana kadi ya uraia ya Uganda."

"Kadi aliyoniletea ni ya Kenya. Pasipoti pia ya Kenya." Ronald alifungua faili kwa kidole kimoja. "Wakenya wanatakiwa Nairobi kesho asubuhi kupimwa afya. Basi yao inatoka Busia, ile ya ng'ambo, Kenya, leo saa kumi jioni. Nyinyi wa Entebbe mna siku tisa bado."

Leo saa kumi! Rukiyah alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Alishika ukingo wa meza ya Ronald, akasema asante, kwa kuwa amelelewa vizuri, kisha akatoka.

Walikuwa wamependana miaka miwili na nusu. Yeye fundi cherehani, binti wa Mzee Mahmudu, mwenyekiti wa mtaa wao pale Busia ya Uganda. Jared Odeke mwoka mikate, Mteso ambaye baba yake ni wa Amagoro, Kenya, na mama yake ni wa hapa Tororo, mpangaji wa chumba kimoja nyuma ya tanuri, nyumba nane kutoka kwa kina Rukiyah. Yeye Mwislamu, Jared Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Mzee Mahmudu alikuwa amesema hapana mara moja tu, na hakuona haja ya kurudia. Ndipo wakazipata hizi kazi. Kampuni ya hoteli za visiwani, mkataba wa miaka miwili, yeye kufua na kupiga pasi mashuka, Jared kuoka. Walijiambia kwamba kisiwani hakuna baba wa mtu. Huko wangeweza kukaa benchi moja mchana kweupe na dunia isianguke. Walikuwa wameshapanga hata benchi lenyewe litazame upande gani.

Waliingia kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko. Chai ililetwa, hakuna aliyeigusa.

"Nipe simu," Rukiyah alisema.

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Aliandika majina ya viwanja viwili vya ndege, cha Bahrain na cha Male, akauliza umbali. Ikatokea ramani. Bahari yote ilikuwa ya bluu, na juu yake mstari mwembamba uliopinda, kutoka nukta moja ndogo hadi nukta nyingine ndogo zaidi. Chini yake tarakimu. Kilomita elfu tatu na mia nne na ushei. Saa tano kasoro angani, kama ndege ingekwenda moja kwa moja.

"Busia mpaka Nairobi ni ngapi?" aliuliza.

"Mia nne na kitu."

"Basi ni Nairobi mara saba. Mara saba na zaidi, Jared, na yote ni maji."

Jared aliusogeza mstari ule kwa kidole, akaukuza, akaupunguza. Uliendelea kuwa mrefu.

"Ulijua," Rukiyah alisema polepole. Alikuwa anamtazama machoni, na macho ya Jared hayakuwahi kujifunza kudanganya. "Ulipomuona Ronald anafungua bahasha hukushtuka. Ulijua!"

"Nilijua ni visiwa viwili."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili! Umeniokea mikate wiki mbili, umenisindikiza kisimani, umeniuliza nitabeba gauni gani, na moyoni unajua kila mtu na kisiwa chake?"

"Skiza, Ruki. Skiza kwanza, halafu unitukane."  "Nilidhani vinaonana. Unakumbuka Majanji, kule ziwani? Tulikaa kwenye yale mawe, ukanionyesha kisiwa cha Sigulu. Watu wakapanda boti na kuku wao, wakavuka, jioni wengine wakarudi. Mimi sijaona kisiwa kingine maishani. Nikasema sawa, yeye atakuwa kile, mimi hiki, nikipata siku ya kupumzika navuka naenda kumuona. Nimevuka tangu nizaliwe. Nimevuka nikienda shule, nimevuka nikienda hospitali, nimevuka kununua ngano. Mimi nikiona sehemu mbili najua katikati kuna mahali pa kuvukia. Sikuuliza umbali. Nani huuliza umbali wa ng'ambo?"

Rukiyah alicheka. Ni kicheko kibaya kile, kinachotoka mwanamke anapotaka kulia lakini kuna watu. Mwenye kibanda aligeuka akawaangalia, kisha akajifanya anapanga vikombe. Machozi yalikuja hata hivyo, akayafuta kwa pindo la hijabu.

"Na kwa nini ulitumia kadi ya Kenya?" aliuliza. "Tulikubaliana. Tulisema wote Waganda. Tulisema mara mia!"

"Ilikuwa karibu."

"Ilikuwa karibu?"

"Pasipoti ya Kenya ilitoka haraka. Nikaogopa utaniacha nyuma."

Jibu hilo lilikuwa na sura ya ukweli, na mtu wa mpakani hawezi kulishangaa. Huko mtu mwenye wazazi wa pande mbili huwa na kadi mbili kwenye pochi moja, na akifika dirishani huchomoa ile ambayo foleni yake ni fupi. Hakuna anayeona ubaya. Kadi ya huku kwa zahanati ya huku, kadi ya kule kwa mbolea ya kule. Rukiyah mwenyewe alikuwa akimtania Jared kwamba siku ya kiama malaika watamuuliza anatumia ipi.

Lakini macho yale yasiyojua kudanganya yalikuwa yametazama chini ya meza. Rukiyah aliliona hilo, akaliweka kando kwa ajili ya baadaye, kwa sababu tayari alikuwa amesimama.

"Twende kwa Ronald."

"Ruki..."

"Nimesema twende!"

Ronald aliwasikiliza huku akila njugu. Aliposikia yote aliacha kutafuna, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akafanana na mtu mwenye dada.

"Iko nafasi moja ya mwoka mikate Bahrain. Mtu wa Mbale ameugua," alisema. "Naweza kumhamisha huyu. Lakini lazima nifungue faili yake upya kama Mganda, na list ya leo naituma saa kumi. Ikishakwenda, imekwenda."

"Unataka nini?" Rukiyah aliuliza upesi.

"Kadi ya Uganda, hiyo anayo. Pasipoti tutaiomba haraka Kampala, siku tisa inatosha. Kitu ya kuanzia tu ni barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wa pale anapokaa, yenye muhuri. Apige picha anitumie kwa simu, mimi namtoa kwenye basi ya Nairobi saa hiyohiyo."

Rukiyah aligeuka kumtazama Jared, na uso wake wote ulikuwa umewaka.

"Barua ya mwenyekiti! Jared, umesikia? Mwenyekiti si ni Baba! Barua zenyewe nani anaziandika? Mimi! Mwaka wa kumi na moja huu naandika barua za mtaa mzima!"

Jared hakufurahi. Alisimama pale katikati ya ofisi, bahasha mkononi, rangi imemtoka.

"Usiende kwa mzee," alisema.

"Kwa nini?"

"Usiende tu. Nakuomba."

"Utapanda basi la Nairobi kwa sababu unaona haya kumuomba Baba karatasi? Watu wote wanaomba. Hata wezi wa mbuzi aliwahi kuwaandikia."

Alimfunika mkono kwa mkono wake, hapohapo mbele ya Ronald, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mtu yeyote. Mkono wa Jared ulikuwa na alama za kuungua za tanuri, na alizijua zote mahali zilipo. Jared aliuachia mkono ule taratibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi natangulia kuchukua begi. Nitakuwa pale kwenye basi. Ukipata barua, nitashuka."

*

Gari la kutoka Tororo lilichelewa kujaa abiria, na saa tisa na nusu ndipo Rukiyah alipoingia nyumbani. Baba hakuwepo. Mama yake, Hajarah, alikuwa barazani akichambua mchele.

"Baba yuko wapi?"

"Ameenda kusuluhisha watu wa mpaka wa shamba kule Bulumbi. Atarudi kwa sala ya alasiri. Mbona unahema hivyo?"

"Nataka kuandika barua, Mama. Ya Jared."

Mkono wa Hajarah ulisimama juu ya ungo. Hakuuliza Jared yupi.

Vitu vya uenyekiti vilikaa sebuleni, juu ya kabati la vyombo: kopo la biskuti lenye muhuri na kidau cha wino, na faili kubwa la barua zinazosubiri. Utaratibu wa nyumba ile ulijulikana. Mwenye shida anakuja na maelezo yake, Rukiyah anaandika, baba anasoma neno kwa neno huku miwani iko puani, anagonga muhuri, kisha anasema "Tarehe," na Rukiyah anajaza tarehe ya siku ile. Tarehe ilikuwa haiwekwi kabla ya muhuri hata siku moja. Mzee Mahmudu alikuwa mkali kwa jambo hilo, alisema tarehe ndiyo siku ambayo mwenyekiti amemjua mtu.

Rukiyah alifungua faili kutafuta karatasi safi. Chini kabisa, chini ya barua za mwaka jana, ilikuwepo moja ambayo hakuiandika yeye. Mwandiko ulikuwa wa kuinama kidogo, wa mtu aliyezoea kuandika oda za mikate.

Ninathibitisha kwamba ninamfahamu Jared Odeke, kwamba ni mkazi wa mtaa wangu, na kwamba ni mtu mwenye tabia njema. Anaomba pasipoti ya Uganda.

Haikuwa na muhuri. Haikuwa na tarehe.

Alitoka nayo barazani, ameishika kwa mikono miwili.

"Mama. Hii ni nini?"

Hajarah aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yale machache aliyatoa kwa shida.

"Alikuja Ramadhani. Ijumaa, tarehe sita mwezi wa tatu, ile siku ulikwenda Mbale kupimwa macho. Alileta mikate ya futari, bado moto. Alisimama hapo," alisema, akionyesha kwa kidevu ngazi ya chini ya baraza. "Baba yako hakumpa kiti."

"Akasema nini?"

"Nani?"

"Baba!"

"Alisoma. Alisoma yote. Akasema, mimi simfahamu huyu mtu. Hiyo kijana akasema, Mzee, miaka minne nakaa nyumba nane kutoka hapa, mkate unaokula asubuhi natoa mimi. Baba yako akasema, mkate naufahamu, wewe sikufahamu." Hajarah alifuta macho kwa haraka, kama mtu anayefukuza nzi. "Akasema, nenda utumie hiyo kadi yako ingine."

Rukiyah aliketi sakafuni, palepale mlangoni. Ilikuwa karibu, alisema Jared. Pasipoti ya Kenya ilitoka haraka. Miezi mitatu alikuwa ameubeba uongo ule mdogo, akaukalia, akauvumilia hadi leo asubuhi alipotukanwa kwa ajili yake kwenye kibanda cha chai. Yote ili yeye Rukiyah apande ndege akiwa bado anampenda baba yake.

"Na wewe ulinyamaza," alimwambia mama yake.

"Nilinyamaza."

"Mama, miezi mitatu!"

"Mwanangu, mimi nalala kwa nyumba ya huyu mtu miaka thelathini. Nimejifunza kunyamaza kabla hujazaliwa. Haiko kitu ya kujivunia." Akainuka, akajipangusa magoti. Alitazama kabati, akatazama kopo la biskuti, akamtazama binti yake. "Mimi nakwenda kuanua nguo. Ziko nyingi. Nitachelewa."

Akatoka uani, na mlango wa nyuma akaufunga, mlango ambao mchana huwa haufungwi.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Rukiyah alifungua kopo. Muhuri ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Miaka kumi na moja alikuwa ameuona ukipanda na kushuka, na hakuwahi kuushika. Aliubonyeza kwenye wino, akauweka juu ya barua, nusu inchi hivi, na mkono ukakataa kushuka. Hakuwa na woga wa baba. Alitaka kwanza kuisikia sauti ya Jared ikifurahi. Kosa hilo la dakika moja alilijutia baadaye kila siku ya maisha yake.

Alipiga simu, akaiweka mezani ikiwa na sauti ya nje, ili mikono yote miwili ibaki na kazi.

"Ruki." Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mabegi.

"Nimeipata barua yako. Ile ya Ramadhani. Nimejua yote."

Aliivuta karatasi karibu na simu.

"Jared, muhuri ninao mkononi. Nagonga sasa hivi, napiga picha namtumia Ronald. Shuka kwenye basi."

"Mzee yupo?"

"Hayupo. Hahitajiki!"

"Usigonge, Ruki."

"Nini?"

"Usigonge. Tafadhali." Alikuwa analia, na hakujaribu kuficha. "Mimi sikwenda kwa mzee kutafuta pasipoti peke yake. Pasipoti ningeipata hata kule kwa mama, Tororo, mwenyekiti wa kule ni mjomba. Nilitaka baba yako aandike kwamba ananifahamu. Hiyo tu. Nilitaka siku nikija na wazee wangu kukuposa, kuwe na karatasi moja duniani aliyosema ananijua. Ukiigonga wewe, tutaishi huko kisiwani vizuri, halafu siku moja atajua. Atasema, niliwaambia, huyu kijana ni mwizi, ameanza na muhuri, akamalizia na mtoto wangu. Na atakuwa sahihi."

"Nani anajali atasema nini! Ni kilomita elfu tatu, Jared! Umeuona ule mstari!"

"Nimeuona. Siufuti machoni."

"Basi shuka! Shuka bila barua, tubaki wote, tutakula mikate!"

"Nikishuka leo, kesho mzee atakuwa na jambo gani jipya la kunijulia? Nitakuwa yuleyule wa nyumba ya nane." Injini iliwaka nyuma yake. Mtu alikuwa anaita majina. "Muhuri ni wa mzee. Akinijua, anijue kwa mkono wake. Nakupenda, Rukiyah. Umesikia? Nakup..."

Sauti ikaanza kukatika. Alikuwa ametumia laini ya Uganda kama kawaida yao, na laini ya Uganda huwa haiendi mbali na mpaka. Neno likaja nusu, likaja robo, halafu ikabaki ile milio mitatu ya simu iliyokufa. Alipiga laini ya Kenya. Iliita hadi mwisho. Akapiga tena. Iliita hadi mwisho. Alijua kwamba Jared anaiona ikiita.

Alipoinua kichwa, baba yake alikuwa mlangoni.

Mzee Mahmudu alikuwa bado amevaa kanzu ya safari, vumbi la Bulumbi kwenye viatu. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu neno gani, lakini kofia alikuwa ameivua, ameishika mkononi, na yeye kofia haivui kwa joto.

"Umesikia," Rukiyah alisema. Haikuwa tena sauti ya mtoto.

"Nimesikia."

"Ungeigonga tu barua yake, Baba. Ungepungukiwa nini?"

Mzee alikuja akaketi kwenye kiti chake. Alichukua muda mrefu kuketi.

"Shangazi yako aliolewa na mtu wa kadi mbili," alisema. "Mzuri, mpole, anasali. Siku moja akavuka na kadi ile ingine, akaoa huko, akawa mtu wa huko. Dada yangu alikwenda polisi ya hapa, wakamwambia hatumfahamu huyo. Akavuka akaenda polisi ya kule, wakamwambia ni raia wetu, ana mke wake. Alikaa kwa hiyo ngazi ya baraza miaka sita anangoja. Mimi ndiye nilimzika. Nikasema mtu wa pande mbili hana upande, hatakanyaga kwangu."

"Jared si huyo mtu."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini, Baba?"

"Siye." Alinyoosha mkono. "Leta hiyo barua."

Rukiyah hakuelewa, kisha akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuumiza kuliko yote ya siku ile. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika kumi na mbili. Orodha ya Ronald ilikuwa imekwenda. Basi lilikuwa limeshaiacha Busia, linaelekea Nairobi, na kutoka Nairobi hewani, na kutoka hewani kwenye ile nukta ndogo.

"Imechelewa, Baba."

"Leta."

Alimpa. Mzee alivaa miwani, akasoma neno kwa neno kama anavyosoma za watu wote, midomo ikicheza. Alipofika kwenye tabia njema alisimama kidogo, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Ameandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mwandiko safi."

Akauchukua muhuri. Aliupumulia, kama anavyofanya siku zote, akaugonga mara moja, kwa nguvu, mpaka vikombe vya kabatini vikalia. Mlango wa nyuma ulifunguka, na Hajarah akasimama pale bila nguo hata moja mkononi.

Mzee Mahmudu aliirudisha karatasi kwa binti yake. 

"Tarehe," alisema.

Rukiyah alichukua kalamu. Machozi yalikuwa yanadondoka, akaisogeza karatasi yasije yakafuta wino. Akaandika taratibu, kwa mwandiko wake mzuri kupita yote aliyowahi kuandikia barua za mtaa ule: tarehe sita, mwezi wa tatu.

Akaisukuma barua mezani ili baba aione.

Mzee aliisoma tarehe ile. Miaka kumi na moja alikuwa amemsahihisha kwa siku moja, kwa nukta moja. Safari hii alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya kopo la biskuti, na tarehe akaiacha ilivyo.